UZI: Kazi ya shule iliingiaje nyumbani? Historia fupi ya mzazi wa Kenya na masomo ya mtoto wa msingi

1/ Kila msimu wa siasa hii mada lazima irudi. Kwenye mikutano, kwenye redio asubuhi, hapa mtandaoni. Upande mmoja unasema: "Wazazi wa siku hizi wamezembea, wanamwachia mwalimu kila kitu." Upande wa pili unajibu: "Serikali imeturushia kazi ya mwalimu na mshahara haituletei." Makofi pande zote mbili. Halafu watu wanarudi nyumbani na mtoto bado ana hesabu kumi hajazigusa.

Kama kawaida ya hizi nyuzi, sitataja mwanasiasa wala chama. Tunaangalia suala lenyewe lilikotoka.

2/ Hoja yangu niiweke mapema ili ukitaka kubishana ujue pa kuanzia: mzazi wa Kenya hajawahi kukaa nje ya shule. Tangu enzi za ukoloni kila mageuzi ya elimu yamempa kazi. Kilichobadilika ni aina ya kazi. Kwanza aliombwa mikono yake. Baadaye pesa. Sasa anaombwa wakati wake na elimu yake mwenyewe.

Mikono karibu kila mtu alikuwa nayo. Wakati na elimu si kila nyumba inavyo. Hapo ndipo ugomvi wa leo unaanzia.

3/ Turudi nyuma. Kabla ya shule hizi tunazozijua, mtoto alifundishwa nyumbani na kwenye jamii: kulima, kuchunga, ukoo, mila, hadithi za bibi jioni. Pwani kulikuwa na chuo, ambako mtoto alisoma Kurani akiandika kwenye ubao wa mbao. Mfumo wa chuo ulikuwa na faida moja ambayo hatuisemi sana: baba au nyanya aliyepita chuo hichohicho aliweza kumsikiliza mtoto akirudia aya na kumwambia hapo umekosea. Nyumbani na darasani palikuwa na somo moja.

Shikilia hilo, tutalihitaji mbele.

4/ Mwaka 1846 wamishonari walianza kituo na shule pale Rabai, karibu na Mombasa. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 shule za misheni zilikuwa zimeenea bara. Shule hizi zilileta jambo geni: mtoto alifundishwa kitu ambacho mzazi wake hakijui kabisa. Kusoma, kuandika, baadaye Kiingereza.

Na misheni nyingi hazikumwona mzazi kama msaidizi. Nyumbani ndiko kulikokuwa na mila ambazo misheni ilitaka mtoto aziache. Wengine walilala misheni kabisa. Kwa hivyo hakuna aliyeuliza mzazi anasaidiaje masomo. Mwanzo wenyewe wa shule ulikuwa kumtenga mtoto na kwao.

5/ Lakini wazazi hawakukaa kimya. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya Mwafrika iegemee kilimo, ufundi na maisha ya kijijini. Wazazi wengi waliona hiyo ni njia ya kuwaacha watoto wao chini. Walitaka kusoma kwa kweli, na walitaka Kiingereza.

Baada ya mgogoro na misheni mwaka 1929, Kati mwa Kenya kukazuka shule huru: zile za KISA na za Karing'a. Wazazi walitoa ardhi, wakajenga, wakachanga mishahara ya walimu. Mwaka 1939 wakawa na chuo cha walimu Githunguri.

6/ Sasa fikiria ni nani waliojenga hizo shule. Wengi hawakujua kusoma hata barua. Hawangeweza kusahihisha zoezi la mtoto hata ungewapa mwaka mzima. Lakini waliuza mbuzi na kubeba mawe ili zoezi lenyewe liwepo.

Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga nyingi ya hizo shule. Lakini ushahidi umebaki: mzazi asiyejua kusoma si mzazi asiyejali. Ukisikia mtu leo anachanganya hayo mawili, muulize kuhusu miaka ya 1930.

7/ Mwaka 1949 ikaja ripoti ya Beecher: miaka 4 ya msingi, 4 ya kati, 4 ya sekondari. Katikati ya hatua hizo kukawekwa mitihani ya mchujo. Mtoto wa darasa la nne, ana miaka kumi hivi, anafanya mtihani wa kuamua kama ataendelea au atarudi shambani.

Kuanzia hapo mtihani ukawa mlango. Na palipo na mlango mwembamba, kila familia hutafuta njia ya kumsukuma wake apite. Hii tabia ya kuhesabu alama ambayo tunawalaumu nayo wazazi wa sasa, hawakuizua wao.

8/ Uhuru ukaja. Tume ya Ominde ikatoa ripoti yake kuanzia 1964, tukaingia mfumo wa 7-4-2-3. Shule zilikuwa chache, watu wakaamua kuzijenga kwa harambee. Mikono tena: mchanga, mawe, maji ya kuchanganya saruji. Kazi ya mzazi ilieleweka na ilikuwa na mwisho. Ukuta ukisimama, umemaliza.

Lakini kuna uamuzi wa wakati huo ambao bado unatuuma: Kiingereza kilipendekezwa kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 ripoti ya Gachathi ikasema madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa eneo la shule. Kwenye makaratasi ndiyo sera. Mashinani, shule nyingi na wazazi wengi waliendelea kukimbilia Kiingereza.

9/ Kwa nini lugha ni suala la kazi ya nyumbani? Kwa sababu hesabu haina lugha mpaka iandikwe kwa maneno. Mama anayejua kugawanya faida ya gunia la viazi kwa kichwa, bila kikokotoo, anapewa daftari lenye swali lilelile kwa Kiingereza na anasema, "Hii sijui, ngoja baba yako." Hesabu anaijua. Amefungiwa nje na lugha.

Unakumbuka yule nyanya wa chuo? Yeye alikuwa na lugha moja na somo la mjukuu wake. Huyu mama hana.

10/ Desemba 1973 serikali ikatangaza kwamba kuanzia 1974 karo inafutwa darasa la 1 hadi la 4. Watoto wa darasa la kwanza wakaruka kutoka karibu 380,000 hadi karibu 960,000 kwa mwaka mmoja. Soma hizo nambari tena.

Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, madarasa pia. Shule zikaanza kutoza pesa za ujenzi, na sehemu nyingi pesa hizo zikazidi ile karo iliyofutwa. Hapa ndipo mzazi alipokutana na somo lake la kwanza kuhusu neno "bure": karo inatoka mlangoni, mchango unaingia dirishani.

11/ Kuna athari nyingine isiyoonekana kwenye stakabadhi. Darasa likishajaa hivyo, mwalimu hawezi kupita dawati kwa dawati. Anachoweza ni kuandika zoezi ubaoni na kusema "malizieni nyumbani". Yaani kiasi fulani cha kufundisha kinabebwa kwenye mkoba wa mtoto na kwenda nacho.

Si uvivu wa mwalimu. Saa za siku ni zilezile na watoto wameongezeka zaidi ya mara mbili. Mageuzi ya ghafla yakikosa walimu, tofauti inalipwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo yuko nyumbani.

12/ Januari 1985 tukaanza 8-4-4, iliyotokana na ripoti ya Mackay ya 1981. Kilimo, sayansi kimu, sanaa na ufundi, muziki, biashara. Lengo lilikuwa mtoto ajue kutumia mikono. Nia nzuri. Wazazi wakaambiwa wajenge karakana na vyumba vya mapishi.

Na watoto wakaanza kutumwa vitu. Uliza wazazi wako, au wajomba. Unga, mayai, sufuria, sisali ya kusuka, kipande cha mbao cha kuchonga mwiko. Mwiko wenyewe mara nyingi ulichongwa na fundi wa mtaani na mtoto akapata alama.

Kwa hivyo mtu akikuambia kutuma watoto vitu kumeanza na CBC, mwambie kwa heshima kwamba huo mwiko ni wa miaka ya themanini.

13/ Mwaka 1988 ukaja mpango wa kugawana gharama, kufuatia ripoti ya Kamunge. Serikali ikabaki zaidi na mishahara ya walimu. Mzazi akabeba vitabu, sare, madawati, majengo.

Kwa masomo ya nyumbani, kitabu ndicho kilichouma zaidi. Zoezi likisema "ukurasa wa 42, swali la 1 hadi 10", mtoto asiye na kitabu anafanya nini? Ananakili kutoka kwa mwenzake kabla ya kengele, au anafika kesho mikono mitupu na kuadhibiwa. Mtoto alikuwa anachapwa kwa sababu ya umaskini wa kwao. Wengi waliacha shule kimyakimya na takwimu zikawaita "walioacha", kana kwamba walichagua.

14/ Miaka ya tisini na kuendelea ni enzi ya tuisheni. KCPE ilikuwa imeshakuwa mlango ule wa 1949, tena mwembamba zaidi, maana nafasi za shule kubwa za upili hazikutosha. Watoto walitoka gizani na kurudi gizani. Jumamosi shule. Likizo shule. Vitabu vya marudio kama matofali.

Serikali ilipiga marufuku tuisheni ya likizo zaidi ya mara moja, na mwaka 2013 Sheria ya Elimu ya Msingi ikaiandika kabisa katika kifungu cha 37. Lakini marufuku bila kupanua mlango ni kumwambia mtu asisukume wakati basi la mwisho linaondoka. Mwenye pesa alimtafutia mtoto mwalimu wa nyumbani, na sheria haina shida naye.

15/ Januari 2003: elimu ya msingi bila malipo, awamu hii madarasa yote. Wanafunzi wakatoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 mwaka huo. Serikali ikatoa shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu ya pesa hizo ilikuwa ya vitabu.

Mwaka uliofuata Kimani Maruge, akiwa na miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza Eldoret. Dunia nzima ikampiga picha. Sisi tulimwona kama hadithi tamu. Lakini yule mzee pia alikuwa takwimu. Alitukumbusha kwamba nyumba nyingi za Kenya zilikuwa na watu wazima ambao hawakuwahi kupata nafasi ya kushika kalamu. Hao ndio tulitarajia wasimamie kazi za shule jioni.

16/ Sera ya vitabu baada ya 2003 ililenga kitabu 1 kwa watoto 3 madarasa ya chini, na 1 kwa watoto 2 madarasa ya juu. Kulinganisha na kutokuwa nacho kabisa, hiyo ni hatua kubwa na tuseme ukweli.

Lakini jioni ikifika, watoto watatu wanaishi nyumba tatu. Nani anaenda na kitabu? Kuna shule zilipanga zamu. Kuna zilizofungia vitabu ofisini visipotee, na hapo kazi ya nyumbani ikabaki ni kile mtoto alichowahi kunakili. Miaka mingi ikapita kabla serikali kuanza kulenga kila mtoto na kitabu chake.

17/ Neno "bure" nalo lilifanya kazi yake ya kisiasa. Kwenye jukwaa lilisikika kama ahadi kamili: leta mtoto, sisi tutamalizana naye. Baadhi ya wazazi walilichukua hivyo, na unaweza kuwalaumu? Walikuwa wamebeba shule mabegani miaka arobaini.

Kisha darasa lenye watoto 80 likashindwa, na walewale waliosema "bure" wakaanza kusema "wazazi wawajibike". Hakuna aliyesimama kati na kueleza wajibu huo ni upi hasa, unahitaji nini, na atakayekosa vifaa atasaidiwa na nani.

18/ Kuanzia 2009, Uwezo walifanya jambo ambalo lilibadilisha mjadala. Badala ya kwenda shuleni, watu wao wa kujitolea walienda nyumba hadi nyumba na kumpa kila mtoto wa miaka 6 hadi 16 jaribio rahisi la kusoma na hesabu la kiwango cha darasa la pili. Mbele ya mzazi.

Wengi waligundua pale sebuleni kwamba mtoto wa darasa la tano hasomi hadithi ya darasa la pili, ilhali ripoti za shule huletwa kila muhula. Mzazi alikuwa anatimiza kila alichoombwa: sare, kalamu, mkutano. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu cha kuangalia.

19/ Sasa tuongee kuhusu taa, maana hii watu huiruka. Sensa ya 2009: kati ya nyumba 100, kama 23 ndizo zilizotumia stima kwa mwanga. Sensa ya 2019: karibu nusu. Maendeleo makubwa kwa miaka kumi, lakini igeuze uone upande wa pili. Wakati mtaala mpya unaanza, karibu nusu ya nyumba zilikuwa hazina stima ya kuwasha taa. Wengine walikuwa na taa ya sola. Wengine koroboi, moshi machoni, na mafuta ya taa yanayopimwa kwa kifuniko.

Kazi ya nyumbani ya dakika arobaini ina bei ya mafuta. Haijawahi kuandikwa kwenye bajeti yoyote.

20/ Ndipo CBC. Mfumo wake ulichapishwa 2017 na Januari 2019 ukaanza nchi nzima kwa madarasa ya chini. Kwa mara ya kwanza, ushiriki wa mzazi uliandikwa kama nguzo ya mtaala wenyewe: kumwezesha mzazi na kumshirikisha.

Yaone hayo maneno mawili. Kumshirikisha kulianza siku ya kwanza: saini daftari, tuma video, leta manila, chapisha picha saiba, tengeneza kinyago. Kumwezesha tuliendelea kukungoja. Nani alikuja mtaani kwenu kukufundisha hii inafanywaje?

21/ Na uzito uliongezeka kwa sababu ya tathmini. Mpango ulikuwa kwamba anapomaliza Gredi ya 6, asilimia 60 ya alama za mtoto zitokane na tathmini za shuleni na asilimia 40 kutoka mtihani wa KPSEA, uliofanywa mara ya kwanza 2022. KCPE ya mwisho ikawa 2023.

Wazo la kutompima mtoto kwa siku tatu tu ni zuri, mimi naliunga mkono. Lakini pale ambapo mradi wa shule ulimaliziwa nyumbani, aliyepimwa ni nani? Mara nyingine ni saiba. Mara nyingine ni mjomba fundi. Mwiko wa 1985 umerudi, safari hii umepigwa picha kwa simu.

22/ Katikati ya hayo ikaja Machi 2020. Shule zikafungwa. Masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi Oktoba, wengine wote Januari 2021. Kwa wengi ni miezi tisa nyumbani.

Huo ulikuwa mtihani mkubwa zaidi wa wazo kwamba nyumbani panaweza kufanya kazi ya shule. Palipokuwa na intaneti, chumba na mtu mzima aliyesoma, mtoto aliendelea. Palipokuwa na simu moja na baba anaondoka nayo kazini kwenye boda, mtoto alisimama. Watoto wa darasa moja walirudi wakiwa hawako darasa moja tena.

23/ Malalamiko yakalipuka 2021 hadi kesi ikafika Mahakama Kuu. Mwaka 2022 likaundwa jopo la kupitia mageuzi ya elimu, likazunguka nchi nzima kusikiliza watu, na 2023 likatoa ripoti. Masomo yakapunguzwa, kwa mfano madarasa ya chini kutoka 9 hadi 7. Jina likasogezwa kutoka CBC hadi CBE.

Hii inaonyesha kitu muhimu: wazazi walipolalamika kwa pamoja, mzigo ulipungua. Haukuwa uvivu. Ilikuwa taarifa kutoka nyumbani kwenda kwa waliopanga.

24/ Sasa tupime zile kauli tunazozisikia kila mjadala.

"Wazazi wa zamani walifuatilia masomo." Walijenga, walilipa, walituma mtoto shule kwa fimbo ikibidi. Kukaa na daftari jioni, wengi hawakuweza na hawakuombwa.

"Zamani shule haikusumbua mzazi." Soma tena posti ya 10, 12 na 13.

"Mzazi ambaye hakusoma hawezi kusaidia." Hii ndiyo inayoumiza zaidi, na ndiyo ya uongo zaidi. Twende nayo.

25/ Neno letu "kazi ya nyumbani" lina maana mbili: zoezi la shule, na kuosha vyombo, kuteka maji, kumbeba mtoto mdogo. Kwa msichana wa Gredi ya 5 maana ya pili huja kwanza. Anamaliza saa mbili usiku, ndipo anafungua daftari.

Mzazi asiyejua herufi moja anaweza kubadilisha hilo: maji yatekwe na kaka yake, vyombo vingoje, mwanga wa jua utumike kwa daftari. Huo ni msaada wa masomo. Hauhitaji cheti.

26/ Mdogo wangu yuko Gredi ya 5. Mama anauza mitumba, na Kiingereza cha kwenye vitabu vya huyu mtoto kinampita. Anachofanya ni kumwambia, "Hebu nisomee halafu uniambie kwa Kiswahili imesema nini." Akiona mtoto anaanza kuzunguka mbuyu, anajua hakuelewa. Asubuhi anamwandikia mwalimu ujumbe mfupi: hapa ameshindwa. Hamfanyii zoezi.

Ndiyo ile kazi ya nyanya wa chuo, kusikiliza mtoto akirudia, ila imevukishwa lugha. Na mwalimu akipata daftari lenye makosa ya kweli ya mtoto, anajua pa kuanzia. Akipata kazi safi ya mjomba, hajui kitu.

27/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote, wa upande wowote, akija na hii mada, usimpigie makofi kwanza. Muulize:

– Zoezi analotumwa mtoto linahitaji nini: mwanga, kitabu, bando, pesa ya saiba? Nani analipa?
– Limeandikwa kwa lugha ambayo aliye nyumbani anaielewa?
– Mwalimu ana watoto wangapi, na atapata wakati wa kusahihisha?
– Shule itabaki wazi jioni, taa ikiwaka, kwa mtoto ambaye kwao hapawezekani?
– Mtoto asipofanya, ataulizwa sababu au ataadhibiwa?

28/ Ukiangalia hii historia yote, wazazi wa Kenya hawajawahi kukataa kazi waliyoelezwa vizuri. Walibeba mawe ya shule ambazo wao wenyewe hawangesomea. Shida huanza kazi inapobadilishwa kimyakimya, halafu anayeishindwa anaitwa mzembe.

Mtoto anayeingia darasani kesho bila zoezi hajui lolote kuhusu tume wala ripoti. Anajua tu kwamba atasimamishwa mbele ya wenzake. Tukibishana, tubishane tukimkumbuka huyo.

Mwisho wa uzi. Kwenu ilikuwaje: nani alikaa na wewe na daftari jioni, na kwa taa gani? Andika hapa chini, na kama una mzazi au nyanya wa enzi za CPE, muulize yeye pia kisha utuletee jibu lake.